Kuitangulia Presha: Niliyojifunza Katika Ganzi ya Mgongo kwa Upasuaji wa Kujifungua

Kazi yangu ni ya usingizi na ganzi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo nimeifanya nikiwa nimekaa upande wa kichwa cha mama anayejifungua kwa upasuaji. Aliyekaa hapo huona mambo ambayo daktari wa upasuaji, aliyeinamia tumbo, hawezi kuyaona: midomo inayopauka, jasho jembamba juu ya kipaji cha uso, macho yanayotafuta mtu wa kuambiwa jambo. Nimeona hayo mara nyingi kiasi cha kufikia msimamo mmoja ambao leo siutetei tena kwa maneno mengi mbele ya wenzangu, bali naufanyia kazi tu. Msimamo wenyewe ni kwamba kushuka kwa presha baada ya ganzi ya mgongo kusichukuliwe kuwa ajali inayosubiriwa itokee ndipo itibiwe. Presha hushuka kwa sababu ganzi imefanya kazi yake, na kwa hiyo dawa ya kuishikilia inapaswa kuanza kuingia mwilini karibu wakati uleule ambapo ganzi inaingia mgongoni.

Mahali ambapo hakuna hatua yoyote ya kinga inayochukuliwa, presha hushuka kwa zaidi ya nusu ya akina mama wanaopewa ganzi hii, na idadi hiyo inaweza kufikia asilimia 70 hadi 80. Sababu yake ni rahisi kuielewa ukiifuata hatua kwa hatua. Ili mama asihisi maumivu wakati tumbo linafunguliwa na mji wa mimba unavutwa, ganzi inapaswa kupanda mpaka karibu na usawa wa chuchu, yaani pingili ya nne ya kifua. Neva zinazoamuru mishipa ya damu ikaze hutoka katika uti wa mgongo kati ya pingili ya kwanza ya kifua na ya pili ya kiuno. Maana yake ni kwamba huwezi kupata ganzi inayotosha upasuaji huu bila kuzima karibu neva zote hizo. Ateri ndogo hulegea, vena za miguu na za tumbo hupanuka na kuhifadhi damu nyingi kuliko kawaida, na damu inayorudi kwenye moyo hupungua. Ganzi ikipanda zaidi kidogo, hugusa pia neva za pingili nne za juu za kifua ambazo huuharakisha moyo, na hapo mapigo hushuka pamoja na presha.

Kwa mgonjwa mwingine tungeweza kuvumilia hali hiyo kwa dakika chache. Kwa mama mjamzito kuna mtu wa pili asiyeweza kusema chochote. Mimba ikishatimiza miezi yake, mji wa mimba hupokea damu kati ya mililita 500 na 700 kwa dakika, na mishipa yake haina uwezo wa kujirekebisha ili kulinda mtiririko huo presha inaposhuka. Presha ya mama ikianguka, chakula na hewa ya mtoto huanguka nayo. Kama hali hiyo ikidumu, mtoto hutoka akiwa amelegea na damu yake ina asidi nyingi kuliko inavyofaa. Mama mwenyewe hupatwa na kichefuchefu, kutapika na kizunguzungu, na kama hakuna anayeshughulika hufikia kupoteza fahamu au hata moyo kusimama.

Nilipoanza kazi, jibu letu la kwanza kwa tatizo hili lilikuwa maji. Kila mama alitundikiwa lita nzima, wakati mwingine zaidi, kabla ya kuketishwa kwa ajili ya sindano, na hakuna aliyethubutu kuanza mpaka chupa iishe. Hata mama aliyekuwa na dharura ya kweli alisubiri maji. Desturi ile ilikuwa na mantiki machoni pa wengi, lakini utafiti uliofanywa Durban, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 1993, ulikuwa umekwisha kuonyesha udhaifu wake: kati ya akina mama ambao hawakupewa maji kabla, asilimia 71 walishuka presha, na kati ya waliopewa, asilimia 55 walishuka. Tofauti ipo, ila zaidi ya nusu bado walianguka. Ukiutazama mwili wenyewe utaelewa kwa nini. Damu ya mama haijapungua hata tone. Kilichotokea ni kwamba chombo kinachoibeba kimepanuka ghafla, na kukimiminia maji kabla hakijapanuka ni kuyapeleka mahali ambapo hayatakaa. Ndani ya nusu saa sehemu kubwa ya maji ya chumvi huwa imekwisha kutoka katika mishipa na kuingia kwenye nyama za mwili.

Kilichobadilisha utaratibu wangu ni kuyaachia maji yaingie kwa kasi wakati uleule ganzi inapoanza kushika, badala ya kabla. Kwa hili kunahitajika kanula pana, ya kijani au ya kijivu, katika mshipa ulionyooka, na chupa iliyotundikwa juu au mfuko unaobanwa. Kanula ya buluu iliyowekwa wodini usiku, ambayo dripu yake inadondoka kwa shida kila mama akikunja mkono, huwa naibadilisha kabla sijafungua pakiti ya sindano ya mgongo. Wenzangu wamewahi kuniona kuwa msumbufu kwa jambo hili. Kubadilisha kanula kabla kunachukua dakika chache, lakini kuhangaika na mshipa uliojificha kwa mama ambaye presha yake imekwisha kuanguka ni kazi ambayo simtakii mtu yeyote.

Hata hivyo maji peke yake hayatoshi. Kama mishipa imelegea, kinachohitajika ni dawa ya kuikaza. Kwa miaka mingi dawa iliyopendwa ilikuwa efedrini, kwa kuwa majaribio ya zamani yaliyofanywa kwa kondoo yalionyesha kwamba haipunguzi damu inayokwenda kwenye mji wa mimba. Dawa nyingine zinazokaza mishipa zilihofiwa kwa kuwa zenyewe zilionekana kuipunguza. Baadaye wataalamu walipopima damu ya kitovu kwa watoto wa binadamu, picha iligeuka: efedrini hupita kwenye kondo la nyuma, humfikia mtoto, huchochea mwili wake utumie nguvu zaidi, na watoto hao hutoka na asidi nyingi kuliko wale ambao mama zao walipewa fenilefrini, dawa nyingine ya kukaza mishipa. Mtaalamu wa usingizi Warwick Ngan Kee na wenzake wa Hong Kong wamefanya kazi kubwa katika suala hili. Katika utafiti wao wa mwaka 2005, akina mama wote walipewa fenilefrini mfululizo kuanzia sindano ya ganzi. Kati ya waliopewa pia maji kwa kasi wakati huohuo, asilimia 1.9 tu walishuka presha, na kati ya waliopewa maji kidogo sana, asilimia 28.3 walishuka. Niliposoma takwimu hizo kwa mara ya kwanza nilizitilia shaka kidogo, maana nilikuwa nimezoea kuona presha ikianguka kama jambo la kila siku. Kisha nilianza kuona kitu hichohicho mbele yangu, mezani.

Mwaka 2018 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali lilitoa tamko la pamoja katika jarida la Anaesthesia, na ndilo ninalolifuata mpaka sasa. Linataka namba ya juu ya presha ya mama ishikiliwe isipungue chini ya asilimia 90 ya presha yake ya kawaida, na isiachwe kabisa kufika chini ya asilimia 80. Linapendekeza fenilefrini itolewe kwa pampu mara tu baada ya ganzi kuingia, kwa kiwango cha kuanzia cha mikrogramu 25 hadi 50 kwa dakika, kisha kipandishwe au kishushwe kulingana na presha na mapigo ya moyo. Pampu yangu huwa na fenilefrini ya mikrogramu 100 kwa kila mililita, kwa hiyo mikrogramu 50 kwa dakika ni mililita 30 kwa saa. Naiandaa, naiunganisha karibu kabisa na kanula na kuiwekea kiwango, kisha ndipo namketisha mama. Ganzi ikishaingia na mama akishalazwa, ninachobaki nacho ni kubonyeza kitufe kimoja.

Asilimia 90 ya nini, ndilo swali ambalo vijana wengi hulipita haraka. Mama akiletwa chumba cha upasuaji, mapigo yanakwenda mbio, mikono ya baridi, taa kali juu yake, na presha ya kwanza kabisa inayosomwa hapo mara nyingi si presha yake. Ukiichukua hiyo kuwa kipimo, utamkimbiza na dawa asizozihitaji. Na kwa upande mwingine, ukiamua kichwani mwako kwamba ni hofu tu, unaweza kupuuza mama mwenye kifafa cha mimba kinachonyemelea. Mimi huangalia faili la kliniki na vipimo vya wodini, kisha hupima mara kadhaa mama akiwa ametulia na amelala kwa ubavu kidogo, na kuandika namba ninayoiamini kwenye karatasi ya usingizi kwa herufi kubwa. Pembeni yake naandika namba mbili: ile ya asilimia 90 na ile ya asilimia 80. Kama presha ya kawaida ni 120, basi ni 108 na 96. Wakati mambo yanakwenda kasi hakuna mtu anayetaka kufanya hesabu.

Mkanda wa kupimia presha nao una mambo yake. Baada ya sindano naweka mashine ipime kila dakika mpaka mtoto atoke, na hapo ndipo mkono uliovaa mkanda unapokuwa na maana. Ukiuweka kwenye mkono wenye dripu, kila dakika mkanda unapojaa hewa unaziba mshipa, maji yanasimama, dawa ya pampu inarundikana kwenye mpira, na mkanda ukifunguka dawa yote inaingia kwa mkupuo. Presha inapanda na kushuka bila mpango na watu wanailaumu dawa. Mama akiwa ameinamishwa upande wa kushoto, mkono wake wa kulia huwa juu zaidi ya moyo, na sentimita 10 za kimo hicho hupunguza usomaji kwa milimita 7 au 8 za zebaki. Hilo si kosa kubwa, ila inafaa kulijua kabla ya kuongeza dawa. Tatizo kubwa zaidi ni kutetemeka. Akina mama wengi hutetemeka baada ya ganzi, na mashine hujaza na kujaza tena bila kutoa namba. Katika dakika hizo macho yangu huwa kwenye mapigo ya moyo na masikio yangu kwa mama.

Kuhusu kumsikiliza mama nina msimamo mkali. Mtu anayepata ganzi ya mgongo yuko macho, na ubongo wake ni kipimo cha presha kilicho bora kuliko mkanda wowote. Kabla sijachoma sindano humwambia: "Mama, baada ya dakika chache miguu itakuwa na joto na mizito, hiyo ni kawaida. Lakini ukisikia moyo unachafuka, au kizunguzungu, au unashindwa tu kuelewa unajisikiaje, niambie hapohapo, usinionee haya." Wengine watasema "Daktari, nasikia kutapika." Wengine hupiga miayo. Wengine hunyamaza ghafla walipokuwa wanazungumza vizuri, na mimi huogopa ukimya huo kuliko malalamiko. Kichefuchefu katika dakika 10 za kwanza baada ya ganzi nakichukulia kuwa presha imeshuka mpaka nithibitishe vinginevyo, na sisubiri mashine imalize kupima. Mara nyingi namba inapotokea kwenye kioo, dawa tayari imekwisha kuingia na mama anasema amepata nafuu. Kumpa mama huyo dawa ya kuzuia kutapika na kumshikia bakuli, bila kugusa presha, ni kutibu moshi na kuacha moto.

Fenilefrini ina tabia yake ambayo ni lazima ijulikane. Inakaza mishipa lakini haisukumi moyo, na mwili ukihisi presha imepanda hupunguza mapigo. Kwa hiyo nimejizoesha kuangalia presha na mapigo pamoja, kamwe si kimoja. Mapigo yakiwa 55 na presha iko juu ya ile ya kawaida, nasimamisha pampu na kusubiri. Hali hujirekebisha yenyewe, na kumpa atropini, dawa ya kuharakisha moyo, wakati huo kunaweza kurusha presha hadi kiwango cha kutisha. Mapigo yakiwa 55 na presha imeshuka, hilo ni jambo tofauti kabisa na la haraka: moyo haupati damu ya kutosha au ganzi imepanda juu, na hapo efedrini ya miligramu 5 hadi 10, atropini kama mapigo yanazidi kushuka, na maji kwa kasi, ndivyo vinavyofaa. Mtu anayetumia fenilefrini kwa kila presha iliyoshuka bila kutazama mapigo anaweza kumfikisha mama pabaya. Ndiyo maana noradrenalini, dawa nyingine ya kukaza mishipa, imepata wapenzi wengi miaka ya karibuni. Utafiti wa Ngan Kee wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa inashikilia presha sawa na fenilefrini huku mapigo na kazi ya moyo vikibaki juu zaidi. Nimeitumia ikiwa imechanganywa iwe nyepesi sana, na naipenda, ingawa sioni sababu ya mtu aliyeizoea fenilefrini vizuri kuiacha kwa ajili ya mtindo.

Nimefanya kazi pia mahali ambapo hapakuwa na pampu, na wakati mwingine hapakuwa na fenilefrini wala efedrini. Hapo ndipo maandalizi yanapobeba uzito wote. Bila pampu, fenilefrini inaweza kutolewa kidogokidogo kwa bomba la sindano, mikrogramu 50 hadi 100 kila mara, ukianza mara baada ya ganzi badala ya kungoja. Nimeona pia wenzangu wakiweka mikrogramu 500 ndani ya lita ya kwanza ya maji yanayoachiwa kwa kasi, na njia hiyo hufanya kazi vizuri kuliko inavyodhaniwa. Ikiwa kilichopo ni adrenalini peke yake, naichanganya miligramu 1 katika mililita 100 za maji ya chumvi ili kila mililita iwe na mikrogramu 10, nachota kwenye bomba la sindano, na kulibandika lebo yenye jina la dawa na nguvu yake. Kisha ampuli tupu na zisizotumika zinaondoka kwenye trei yangu. Kosa la sifuri moja katika adrenalini linaua. Sikubali bomba la sindano lisilo na lebo likae mezani hata kama aliyelijaza yuko karibu na anaapa kwamba anakumbuka.

Kuinamisha meza upande wa kushoto tulifundishwa kama amri, kwa kuwa mji wa mimba uliojaa hulala juu ya vena kuu na kuzuia damu kurudi. Bado nafanya hivyo, au naweka kabari chini ya nyonga ya kulia, lakini nimepunguza imani niliyokuwa nayo. Tunapokadiria kwa macho tunadhani tumefika nyuzi 15 kumbe tuko chini ya hapo, na picha za mashine ya sumaku zilizochapishwa mwaka 2015 zilionyesha kwamba nyuzi 15 hazikuifungua vena hiyo kwa kiasi cha kuonekana, mpaka meza ilipofika nyuzi 30, ambazo hakuna daktari wa upasuaji atakayekubali kufanyia kazi. Kwa mama ambaye presha yake inashikiliwa vizuri na dawa, kuinamisha meza kunaongeza kidogo. Kwa mama ambaye presha imegoma kupanda, kuusukuma mji wa mimba kwa mkono kuelekea kushoto ni jambo la kwanza ninalomwomba msaidizi afanye. Kufunga miguu kwa bandeji nako kunasaidia kuliko kutofanya lolote, na ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika, ya miligramu 4 kabla ya sindano inapunguza tatizo kwa kiasi fulani. Hayo ni ya kuongezea tu, hayachukui nafasi ya dawa ya kukaza mishipa.

Kuna waliojaribu kulikwepa tatizo kwa kupunguza ganzi yenyewe. Bupivakaini nzito, yaani dawa yenyewe ya ganzi, chini ya miligramu 8 hushusha presha kidogo, lakini mama anaweza kuanza kuhisi maumivu tumbo likiwa wazi, na hapo umebadilisha tatizo dogo kwa kubwa. Mimi hubaki na miligramu 10 hadi 11 pamoja na mikrogramu 15 za fentanili, dawa ya maumivu, kwa akina mama wengi, na kushughulikia presha kwa njia zake.

Mama mwenye kifafa cha mimba aliyepanda presha hadi 170 alikuwa akiwatia hofu walionifundisha. Waliamini kwamba ukimpa ganzi ya mgongo, presha itaporomoka kutoka juu hadi chini na kumwangamiza yeye na mtoto, kwa hiyo wengi wa akina mama hao walipewa nusu kaputi na kubeba hatari zake zote za koo lililovimba na presha kupaa wakati wa kuingiza mpira wa hewa. Tafiti za miaka ya 2000 zilionyesha kinyume: akina mama wenye kifafa kikali cha mimba hushuka presha mara chache kuliko wenye afya, na huhitaji dawa kidogo kuipandisha. Nimeliona hili kwa macho yangu mara nyingi. Kwao naanza fenilefrini kwa kiwango cha chini, au naacha pampu ikiwa tayari bila kuiwasha, na natazama. Maji nayo nabana, kwa sababu mapafu yao hujaa upesi. Kama chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zinatosha na mama hana degedege linaloendelea, ganzi ya mgongo ndiyo ninayoichagua.

Mama anayevuja damu ndiye wa kuogopwa. Kondo la nyuma likiwa limeachia, au mji wa mimba ukiwa umechanika, presha inaweza kuonekana nzuri kwa sababu tu mishipa imejikaza kwa nguvu zake zote. Ganzi ya mgongo huilegeza mishipa hiyo ndani ya dakika tano, na hakuna kiasi cha fenilefrini kitakachofidia damu ambayo haimo mwilini. Nimewahi kubishana na daktari wa upasuaji aliyetaka ganzi kwa kuwa ni ya haraka. Mapigo ya mama yalikuwa 130, viganja vya baridi, mkojo hakuna. Nilimwambia, "Daktari, huyu nitamlaza kwa dawa, na damu itundikwe sasa hivi." Hakufurahi, lakini alipofungua tumbo hakurudi kwenye mjadala ule.

Kuna hali moja inayofanana na presha kushuka kwa kawaida lakini ni kubwa zaidi, nayo ni ganzi kupanda mno. Mama akisema mikono inakufa ganzi, namwambia anishike vidole na kuvibana. Akibana kwa nguvu na sauti yake iko wazi, namtuliza na kuendelea kutazama. Akishindwa kubana, sauti ikawa ya kunong'ona, akasema hawezi kuvuta pumzi, basi sipotezi muda kwa maelezo: hewa, dawa za kuinua presha, na maandalizi ya kumwingizia mpira wa hewa vyote huenda pamoja. Kumwinamisha kichwa chini ili presha ipande, kama baadhi wanavyofanya kwa mazoea, huisaidia ganzi nzito kupanda zaidi. Ukitaka damu irudi kwenye moyo, inua miguu.

Mtoto akishatoka, watu hupumua, na hapo huja anguko la pili. Oksitosini, dawa ya kuukaza mji wa mimba, ikisukumwa haraka hulegeza mishipa, mapigo hupaa na presha huanguka, hata kwa mama ambaye alikuwa imara tangu mwanzo. Zamani yuniti 10 zilisukumwa kwa mkupuo bila mtu kufikiria. Sasa natoa yuniti 1 polepole kwa mama aliyepangiwa upasuaji bila uchungu, na 3 kwa ambaye amekuwa kwenye uchungu, ikichukua angalau nusu dakika, kisha inayobaki inaendelea kwa dripu. Namtaarifu daktari wa upasuaji ili aukande mji wa mimba na kuniambia kama haukazi. Pampu ya fenilefrini naipunguza hatua kwa hatua kuanzia hapo, wala siifungi mara moja, kwa kuwa ganzi bado ipo juu na itakaa saa moja au zaidi.

Wakati wa kumhamisha mama kutoka mezani kwenda kwenye kitanda cha magurudumu, namba ya mwisho ninayoiandika haitoshi. Kumgeuza na kumnyanyua mama ambaye mishipa yake bado imelegea huishusha presha tena, na mara nyingi mashine huwa imekwisha kutenganishwa. Kwa hiyo mkanda unabaki mkononi mpaka alale kitandani, tunapima tena hapohapo, na ndipo ninamkabidhi kwa muuguzi wa chumba cha uangalizi, nikimtajia presha yake ya kawaida, kiasi cha ganzi, dawa za presha zilizotumika na saa zilipokoma, na namba ambayo ikifikiwa aniite bila kusubiri.